Risala ya Wakulima wa Mwani wa Micheweni kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Masheha, wazee wetu na wageni waalikwa,

Assalaamu alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutukutanisha tukiwa wazima kuzindua banda letu la kuanikia mwani. Nawe Mheshimiwa tunakushukuru kwa kuitika wito wetu.

Historia hatutairefusha. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na akina mama wa Pemba wamekuwa mbele hadi leo. Tulianza kwa kuuza mwani mkavu, sasa tunatengeneza sabuni na unga wa mwani. Mafanikio ni makubwa mno: tuna mzani wetu, tuna kinu chetu, na sabuni zetu zinatumika Chake hadi Unguja.

Mheshimiwa, tulilokuitia hasa ni moja. Bidhaa zetu hazivuki bahari kwenda nje ya Zanzibar.

Mwani mkavu ukienda Ulaya au Asia kutolewa karajinani, ile dawa ya kuzidishia uzito vyakula, haupati tabu, tajiri anaununua kwa bei aitakayo. Tabu inaanza tukiuongezea thamani, jambo ambalo Serikali yenyewe inatuhimiza. Msimu uliopita tulipeleka maboksi ya sabuni Bara, yakazuiwa bandarini. Hati ya ukaguzi tuliyopewa Zanzibar tukaambiwa haitoshi, tukaguliwe upya na tulipe upya. Maboksi yalikaa ghalani mpaka karatasi zikaota ukungu, na mteja akanunua kwengine. Hiyo ni nchi moja, Mheshimiwa.

Mombasa tuna ndugu na tuna wateja. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki unafanya kazi tangu 2005, na Soko la Pamoja tangu 2010. Utaratibu unasema mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizomo kwenye orodha, apewe cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka wapi, pale pale mpakani, asitozwe ushuru wa forodha. Mpaka wetu sisi ni bahari. Tukiuliza bandarini tunaambiwa tukaulize Unguja, na nauli ya boti na malazi vinakula faida yote. Redioni tunasikia Eneo Huria la Biashara la Afrika limeanza tangu Januari 2021. Tunafurahi, lakini sisi hata Tanga hatujafika.

Jambo hili si geni. Mmoja wa wageni rasmi waliokutangulia aliliandika kwenye daftari lake mbele yetu, tukampigia vigelegele. Aliyekuja baada yake alisema limo kwenye mchakato. Tunawaheshimu wote wawili na tunaamini nia zao zilikuwa njema, ila sabuni bado zimo ghalani.

Tunajua ushuru wa forodha ni jambo la Muungano, na viwango kila upande una chombo chake. Ndiyo maana tunakuomba wewe unayeingia vikao vya pande zote mbili: hati moja ya ukaguzi ikubaliwe Zanzibar na Bara, na bandari ya Wete ipate afisa wa kutoa cheti cha uasili, hata kwa siku mbili tu kwa wiki.

Banda nalo halina maji ya bomba, tunaomba lisisahauliwe.

Katibu atakukabidhi bahasha yenye maombi haya, pamoja na nakala ya barua tuliyompa mgeni aliyepita. Kwa heshima kubwa, tunaomba utuambie leo kabla hujaondoka, ni mwezi gani tutarajie jibu.

Wabillahi taufiq.