Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: Walikuwa kumi, si "Jenerali na wengine tisa"

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Bonde la Kerio, upande wa Marakwet, na huu ni mwaka wangu wa kumi na saba huku. Najua utashangaa kwa nini mwalimu anamwandikia Waziri wa Ulinzi badala ya yule wa Elimu. Yule wa Elimu nimekwisha kumwandikia. Hili ni lenu.

Linahusu Alhamisi ya tarehe 18 Aprili 2024, siku helikopta ya Mkuu wa Majeshi ilipoanguka huku kwetu. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo, nami nilikuwa shambani nikipalilia mtama. Helikopta za jeshi kwetu si jambo la kuachia jembe. Tangu Februari 2023, Operesheni Maliza Uhalifu ya kupambana na wezi wa mifugo ilipoanza na wanajeshi wakaletwa kusaidiana na polisi, tumezizoea jinsi watu wa mjini walivyozoea matatu. Watoto huzipungia mkono. Wakubwa hutazama zinaelekea wapi, wakakisia kama kuna ng'ombe walioibwa. Siku hiyo sikuinua hata kichwa.

Jioni redio ikatangaza. Rais mwenyewe ndiye aliyesema: helikopta iliyoruka kutoka Cheptulel, huko Pokot Magharibi, ilianguka huku kwetu Elgeyo Marakwet saa nane na dakika ishirini mchana. Mahali penyewe ni Sindar. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Omondi Ogolla, alikuwamo na amefariki. Waliokuwamo walikuwa kumi na wawili, na wawili tu ndio waliotoka wakiwa hai.

Mzee jirani yangu, ambaye husikiliza taarifa ya habari kwangu kwa sababu betri za redio yake huisha kabla ya pensheni kuingia, aliniuliza, "Mwalimu, mkubwa kama huyo alikuja kufanya nini huku?" Nikamwambia alikuja kuona wanajeshi wake, na kukagua shule wanazozikarabati ili zifunguliwe tena. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kwa hiyo amekufa akikagua madarasa."

Ndivyo ilivyokuwa, Mheshimiwa. Cheptulel aliporukia ni shule ya upili ya wavulana. Mahali pa mwisho alipokanyaga akiwa hai palikuwa uwanja wa shule.

Hakuwa mtu wa huku. Alikuwa mwana wa Alego, Siaya, aliyezaliwa tarehe 12 Februari 1962. Aliingia jeshini tarehe 24 Aprili 1984, na waliokuwa na akili zao wakati huo wanajua mwaka huo ulikuwaje. Haikuwa imetimia miaka miwili tangu tarehe 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la anga walipojaribu kupindua serikali. Jeshi lile lilivunjwa, likaundwa upya na kubandikwa jina la "82", na halikurudishiwa heshima yake hadi 1994. Kijana kutoka Siaya kuingia jeshini, wakati huo, si jambo dogo. Mwaka uliofuata, mwezi Mei, alipewa nyota yake ya kwanza na kupelekwa jeshi hilo hilo la anga. Akafunzwa urubani wa ndege za kivita na Wamarekani, akawa mkufunzi wa marubani wengine, na Julai 2018 akawa kamanda wa jeshi hilo lote. Tarehe 28 Aprili 2023 akafanywa Jenerali na Mkuu wa Majeshi. Alipokufa zilibaki siku kumi atimize mwaka mmoja katika kiti hicho, na siku sita tu atimize miaka 40 ya utumishi.

Mimi, kwa kazi yangu, lililonigusa zaidi ni jingine. Mtu huyu alirudi darasani akiwa tayari ni afisa. Stashahada Egerton, shahada na uzamili Chuo Kikuu cha Nairobi, mafunzo ya kijeshi Paris. Nimewafundisha watoto walioacha shule kwa sababu wenzao wa rika waliwacheka kwamba ni wakubwa mno kukaa dawatini. Nilipoyasikia hayo kwenye mazishi yake niliyaandika nyuma ya daftari langu la maandalio, na hadi leo huwasomea.

Sitaficha kwamba jina lake lilikuwa na utata. Agosti 2022, pale Bomas, kituo cha kitaifa cha kujumlisha kura jijini Nairobi, alitajwa miongoni mwa maafisa wa serikali waliodaiwa kumwendea mwenyekiti wa tume ya uchaguzi kabla ya matokeo ya urais kutangazwa. Rais, ambaye matokeo yale yalimpa ushindi, alisema baadaye hadharani kwamba alipuuza ushauri wa waliomkataza, akamteua kwa sababu ya rekodi yake. Huku bondeni tulilibishania hilo hadi usiku. Bado tunalibishania. Mtu anaweza kuheshimiwa na bado akazungumzwa, na naona ni afadhali kuliko kumfanya malaika kwa sababu amekufa.

Kisha akazikwa, na hapo ndipo alipotushangaza. Alikuwa ameacha wasia kwamba azikwe ndani ya saa sabini na mbili, bila jeneza. Alikufa Alhamisi, Jumamosi akaombewa pale uwanja wa michezo wa Ulinzi, Lang'ata, Jumapili tarehe 21 akazikwa kijijini kwao Mor, karibu na Ng'iya. Mizinga ililia, bendera za nchi zilikuwa nusu mlingoti kwa siku tatu, marais wa sasa na wa zamani walihudhuria, na katikati ya fahari yote hiyo mwili wa jenerali ukashushwa kaburini bila jeneza. Nina shemeji wa Kijaluo. Baba yake alikaa mochwari wiki tatu familia ikichanga pesa za hema, ng'ombe na jeneza la vioo, na deni lile hawajalimaliza. Siku ile alinipigia simu, akaniambia neno moja tu: "Umeona?"

Sasa nije kwenye malalamiko yangu.

Tangu siku ile, kila taarifa niliyoisoma, kila hotuba niliyoisikia, imesema hivi: "Jenerali Ogolla na maafisa wengine tisa." Wakati mwingine "na wenzake tisa." Aprili inapofika ndivyo hivyo hivyo. Mheshimiwa, mimi ni mtu wa rejista. Kila asubuhi kwa miaka kumi na saba nimeita majina, na najua mtoto hugeuka vipi ukimwita "wewe wa nyuma." Hakuna mtu anayeitwa "wengine."

Shule zilichelewa kufunguliwa mwaka ule kwa sababu ya mafuriko. Tulipofungua mwezi Mei, somo langu la kwanza la darasa la sita lilikuwa Kiswahili, na lilipaswa kuwa la ngeli. Nikaacha ngeli. Nikaandika ubaoni, kama yalivyotangazwa:

Jenerali Francis Omondi Ogolla, Brigedia Swale Saidi, Kanali Duncan Keittany, Luteni Kanali David Sawe, Meja George Benson Magondu, Kapteni Sora Mohamed, Kapteni Hillary Litali, Sajini Mwandamizi John Kinyua Mureithi, Sajini Cliphonce Omondi, Sajini Rose Nyawira.

Watoto waliyanakili. Kisha maswali yakaanza, na naomba uyasikie kwa sababu ni bora kuliko yangu. Wa kwanza aliuliza kwa nini jenerali ni wa kwanza ilhali kwenye rejista yetu majina yanafuata alfabeti. Nikamweleza cheo. Akauliza kama ndege ikianguka, cheo kinaanguka nacho. Sikuwa na jibu, nikamwambia aketi. Msichana aliyekaa karibu na dirisha akauliza, "Huyo wa mwisho ni mwanamke?" Nikasema ndiyo. Akalipigia mstari jina lile kwenye daftari lake kwa kalamu nyekundu, ambayo hairuhusiwi, kalamu nyekundu ni ya mwalimu. Nikajifanya sikuona. Mvulana mwingine akasema majina haya yanatoka kila mahali, pwani na bara, Mwislamu na Mkristo. Huyo alikuwa anajaribu kunifurahisha, maana ndivyo vitabu vya kiada vinavyosema, lakini safari hii alikuwa amesema kweli.

Na hapa nikueleze kwa nini watoto hawa wana haki ya kuuliza. Mwaka 2001 kule Murkutwa, hapa bondeni, makumi ya watu waliuawa na wezi wa mifugo asubuhi moja, na wazazi wa wanafunzi wangu wa leo walikuwa watoto wakati huo. Wanafunzi wangu wanaweza kukwambia, kwa mlio tu, kama bunduki iko ng'ambo ya mto Kerio au iko huku. Nina rejista ya mwaka 2022 ambayo kurasa zake za muhula mzima ni herufi moja: H, H, H, H. Hayupo. Familia zilikuwa zimepanda mlimani kulala kwenye mapango na kwa ndugu. Walimu wenzangu sita waliomba uhamisho muhula ule, na siwalaumu. Mmoja aliacha viatu vyake mlangoni pa ofisi ya mwalimu mkuu na hakuvirudia.

Kisha wakaja vijana wenu. Nakiri kwamba wengi wetu tuliogopa. Mtu wa huku akiona gwanda hukumbuka operesheni za zamani, ambazo ziliacha ng'ombe wachache na wajane wengi. Lakini niliona kitu ambacho sijakisahau. Mwanajeshi mmoja, kijana ambaye ndevu zake zilikuwa hazijajaa, alikuwa anapaka ubao wa darasa la nne rangi nyeusi. Bunduki ilikuwa mgongoni, brashi mkononi, na kila alipoinama kuchovya rangi mtutu uligonga ukuta: ko, ko. Mwenzake akamwambia aishike bunduki yeye. Akakataa. Akaendelea hivyo hivyo hadi jua lilipozama. Ubao ule ndio nilioandikia majina kumi. Ukiangalia ukutani, upande wa kushoto, alama za mtutu ziko hadi leo, nukta ndogondogo kama za mtoto anayejifunza kuhesabu.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Sikuandikii kuhusu injini. Ripoti za ajali zina wenyewe, na familia kumi zina haki ya kuuliza na kujibiwa mpaka zitosheke, pamoja na zile za wanajeshi waliokufa helikopta nyingine ilipoanguka Lamu Septemba 2023, miezi saba tu kabla ya hii. Sikuombi pia mnara. Mtu aliyekataa jeneza, sijui mnara wa marumaru angeutazama vipi, ingawa hilo ni la familia yake na la jeshi kuamua.

Naomba mambo mawili. La kwanza, wizara yako ikomeshe "wengine tisa." Mkiandika, andikeni kumi. Mkisoma, someni kumi, hata kama hotuba itaongezeka nusu dakika. Watoto wa hao sajini nao wanasikiliza redio.

La pili, kazi aliyokuja kuikagua mkuu wao imalizwe, na shule zilizokarabatiwa zisiachwe siku wanajeshi watakapofunga mahema. Hili la kuondoka ndilo linalotunyima usingizi. Kila operesheni huku imekuwa na siku yake ya kufunga mahema, na tunajua kinachofuata wiki ya pili. Kabla vijana wenu hawajaondoka, akae mtu wa wizara yako meza moja na mwajiri wa walimu, chifu, wazee wa Pokot na wa Marakwet, na polisi wa akiba, waamue nani atabaki karibu na shule ipi. Na kwenye kila shule iliyopakwa rangi na jeshi, wekeni kibao kidogo chenye majina kumi. Cha mbao kinatosha. Kwetu tuna fundi.

Nikuambie hali ilivyo leo ninapoandika. Madawati kumi na manne bado yako nje chini ya mwembe kwa sababu paa la darasa la tano lina matundu manne, na si ya mvua ya mawe. Mlango wa darasa la sita hauna komeo. Tunaufunga kwa kipande cha kamba ya ng'ombe. Mwanafunzi aliyepigia mstari kwa kalamu nyekundu sasa yuko sekondari ya msingi, uwanja huu huu, na bado anauliza kama wasichana wanapokelewa kwenye usajili wa jeshi. Nimemwambia wanapokelewa, lakini amalize kwanza.

Ukituma mtu, tafadhali aje asubuhi. Mchana joto la bondeni si la mgeni, na saa nane na nusu tunawaachia watoto ili wafike nyumbani jua likiwa bado juu.

Wako,
Mwalimu wa shule ya msingi,
Marakwet Mashariki