Hamisi, Bogues hakuwa kiroja

Ndugu yangu Hamisi,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo. Mvua zimeanza, barabara ya kwetu imeshageuka mto, lakini afya tunayo. Natumaini shemeji na watoto ni wazima, na kwamba mguu wako umepoa.

Ama baada ya salamu, nije kwenye ubishi wetu. Umeniandikia kwamba Muggsy Bogues, yule mcheza kikapu mfupi, alikuwa kiroja tu, kwamba NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, walimweka pale watu wacheke na tiketi ziuzwe, na kwamba mimi namtetea kwa sababu yeye na mimi sote tulinyimwa urefu. Hilo la mwisho nalikubali. Hayo mengine sikuachii, tena wewe uliyekuwa senta wetu kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ambaye kazi yako yote ilikuwa kusimama chini ya kikapu ukisubiri mipira niliyokuletea mimi.

Nianze na namba, maana najua utazidai. Tyrone Curtis Bogues ana futi 5 na inchi 3, yaani sentimita 160 hivi, na hajatokea mfupi kuliko yeye kwenye NBA. Alicheza misimu 14, michezo 889. Alitoa pasi za kufunga, yaani zilizozaa kikapu, 6,726 na kuiba mipira 1,369. Sasa niambie, kiroja gani huyo anayelipwa mshahara miaka 14 kwenye ligi ambayo kila mwaka vijana wapya wanaingia kumtoa mtu kwenye kiti chake? Kichekesho kinachekesha msimu mmoja, wa pili watu wameshazoea, wa tatu anafungashiwa virago.

Lakini namba ninayoipenda mimi hata watangazaji huwa hawaitaji. Ukichukua pasi zake za kufunga ukazigawa kwa mipira aliyopoteza, unapata zaidi ya nne kwa moja kwa maisha yake yote ya uchezaji. Wewe umecheza, unajua maana yake. Pointi gadi, yaani wagawa mipira, wengi wazuri wakifika tatu kwa moja wanasifiwa. Huyu alikuwa na mpira mkononi karibu kila shambulizi, anakabwa na watu wanaomzidi sentimita thelathini, na mpira haupotei.

Na haupotei kwa sababu gani? Tafuta michezo yake ya zamani uangalie mkono na usiangalie uso. Dundo lake halivuki goti. Mtu wa sentimita 190 akitaka kuupora ule mpira lazima akunje mgongo, na akishakunja tu, Bogues ameshampita na jamaa anaangalia kisigino. Kwenye ulinzi ni hivyo hivyo, ila kwa upande wa pili. Mchezaji mrefu akidunda, mpira una safari ndefu kutoka mkononi hadi sakafuni na kurudi, na katikati ya safari hiyo Bogues yuko hapo hapo, macho yake yakiwa karibu usawa wa mpira. Alipokuwa mtoto Baltimore, Marekani, alicheza mieleka pia, na inaonekana: mguu umekita chini, nyonga iko mbele, hasukumiki kirahisi.

Huko Baltimore ndiko kwa kumwelewa. Alizaliwa Januari 1965, akakulia kwenye magorofa ya serikali ya Lafayette Court, mashariki mwa mji. Akiwa na miaka mitano alipigwa risasi za gololi mikononi na miguuni, mwenye duka alipofyatua bunduki baada ya watoto wa mtaani kuvunja dirisha. Baba yake alifungwa gerezani yeye akiwa na miaka 12, mama akabaki kulea. Sikuambii haya ili umwonee huruma, Hamisi. Nakuambia ili ujue kwamba mtu wa namna hiyo akisikia kicheko cha jukwaani hatetereki kama ambavyo ungetetereka wewe na mimi.

Na walimcheka kweli. Shule yake ya Dunbar, chini ya kocha Bob Wade, ilikwenda Camden, New Jersey, kucheza na timu ya huko iliyokuwa na sifa kubwa. Bogues alipotoka kupasha moto, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ikapulizwa filimbi, akaanza kuchukua mipira mikononi mwa wenyeji kama anachuma mapera, na Dunbar wakashinda kwa zaidi ya pointi 20. Timu ile ilikaa misimu miwili haijui kufungwa. Sasa sikiliza waliokuwemo: Bogues, Reggie Williams, David Wingate, na Reggie Lewis ambaye alikuwa anaanzia benchi! Wote wanne wakafika NBA. Kwenye drafti ya 1987 peke yake, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya, raundi ya kwanza, walichaguliwa watatu kutoka shule hiyo moja: Williams wa nne, Bogues wa 12, Lewis wa 22.

Kabla ya hapo alikuwa chuo kikuu cha Wake Forest miaka minne, na alipoondoka alikuwa anaongoza historia ya ACC, ligi ya vyuo vya kanda yao, kwa pasi za kufunga na kwa kuiba mipira. Kiangazi cha 1986 Marekani walimpeleka Hispania kwenye mashindano ya dunia, pamoja na kina David Robinson na Steve Kerr. Enzi hizo walikuwa wanapeleka vijana wa vyuo. Akapewa kazi ya kumkaba Dražen Petrović wa Yugoslavia, mfungaji hatari kuliko wote Ulaya. Marekani walirudi na dhahabu baada ya kuwafunga Wasovieti 87 kwa 85. Kocha gani anampa kiroja kazi ya kumkaba Petrović?

Kuna sehemu moja nakubali una hoja, nayo ni Washington. Bullets, timu ya huko, walipomchukua 1987 tayari walikuwa na Manute Bol, Mdinka wa kutoka Sudan, sasa Sudan Kusini, futi 7 na inchi 7. Kati ya mrefu na mfupi palikuwa na sentimita 71. Ile picha yao wamesimama pamoja ilizunguka dunia nzima, na ndiyo hiyo wewe unayo kichwani hadi leo. Klabu iliifurahia, sibishi. Lakini hata Manute wanamkosea kwa picha ile ile: msimu wake wa kwanza aliongoza ligi nzima kwa kuzuia mitupo, mara 397. Waajiriwa wawili wenye kazi zao maalumu, watu wakawageuza maonyesho. Na msimu mmoja tu baadaye Bullets hawakumweka Bogues kwenye orodha ya wachezaji wasioruhusiwa kuchukuliwa na timu mpya, na timu mpya ya Charlotte, Hornets, ikamchukua bila kutoa chochote. Washington walikuwa wanauza picha, mchezaji mwenyewe hawakumwona.

Charlotte ndipo alipokuwa mtu. Hornets walianza 1988 kwa kupigwa michezo 62 katika 82, na bado ukumbi ulikuwa unajaa watu zaidi ya elfu 23, maana mji haujawahi kuwa na timu ya NBA na wao wakaipenda kama mtoto wa kwanza. Msimu wa pili Bogues alifikisha wastani wa pasi za kufunga 10.7 kwa mchezo, katika timu mbovu! Kutoa pasi kumi za kufunga wakati wenzako hawafungi, hiyo ni kazi ya kuchota maji kwa pakacha. Kisha wakaja Larry Johnson 1991 na Alonzo Mourning 1992, Dell Curry yupo pembeni anatupa za mbali, na kocha Allan Bristow akawaachia wakimbie. Hapo ndipo utamu ulipo. Ribaundi, mpira uliokosa kikapu, inadakwa, mpira kwa Bogues, na kabla hujahesabu tatu yuko ng'ambo, Johnson anapaa upande mmoja, Curry amesimama kona. Hakuwa na danki, hakuwa na mtupo wa kutisha, pointi 7.7 kwa mchezo kwa maisha yake yote. Timu nzima ilikuwa inapumua kwa mapafu yake.

Aprili 1993 alizuia mtupo wa Patrick Ewing. Ndiyo, yule Ewing wa New York Knicks, futi 7. Usianze kucheka. Hakuruka akaufikia mpira angani. Aliutia mkono Ewing alipokuwa bado anaupandisha, kabla haujapita kifua. Katika maisha yake yote aliandikiwa kuzuia mitupo 39, na huo mmoja ndio unaoonyeshwa kila siku. Mimi nadhani unaonyeshwa kwa sababu ile ile ya picha ya Manute. Kwangu unaonyesha kitu kingine: aliijua saa ambayo mpira uko katika nchi yake.

Halafu, mwezi huo huo wa Aprili, Hornets wakaingia mchujo wa kuwania ubingwa kwa mara ya kwanza, dhidi ya Boston Celtics. Nahodha wa Boston alikuwa Reggie Lewis. Yule yule wa benchi la Dunbar. Mchezo wa kwanza, tarehe 29, Lewis akaanguka uwanjani bila kuguswa na mtu. Moyo. Bogues yuko pale pale, upande wa pili, jezi tofauti. Charlotte wakashinda mfululizo ule 3 kwa 1, Mourning akimalizia kwa mtupo wa sekunde za mwisho mchezo wa nne, akalala chini huku wenzake wamemrundikia. Mji ulisherehekea. Julai 27 Lewis akafariki akiwa mazoezini, na miaka 27 tu. Kila nikiona ule mtupo wa Mourning unarudiwa kwenye vipande vya kumbukumbu, nawaza ilikuwaje kwa mtoto wa Lafayette Court kushangilia ushindi mkubwa kuliko wote wa maisha yake huku kichwani ana swali kuhusu rafiki yake.

Najua utaniletea kisa cha Michael Jordan. Kwamba mchujo wa 1995, Chicago Bulls na Hornets, Jordan alimwachia nafasi akamwambia kwa tusi atupe, akakosa, na tangu hapo akaisha. Watu wanakisimulia kwa raha sana. Mimi nakuomba uangalie goti. Msimu uliofuata alicheza michezo sita tu. Neno linaumiza, lakini halikuweki nje michezo 76, goti linakuweka. Alirudi msimu uliofuata akacheza, Novemba 1997 wakamuuza Golden State, akamalizia Toronto Raptors hadi mwanzoni mwa 2001. Miaka hiyo ya mwisho sina mengi ya kusema, kasi ilipungua na yeye aliishi kwa kasi. Toronto walikuwa tena pamoja na Dell Curry, na mwanawe Dell akizunguka ukumbini na mpira mkubwa kuliko kichwa chake. Ndiyo, Stephen Curry huyo huyo unayemwabudu. Alikua anamwona Bogues mazoezini, kwa hiyo hata Curry wako ana deni huku kwetu wafupi.

Baadaye alifundisha timu ya wanawake ya Charlotte Sting, 2005 na 2006. Nayo ikavunjwa muda si mrefu.

Jambo moja la huku nyumbani, kisha nikuache. Tangu Hasheem Thabeet wetu achaguliwe wa pili kwenye drafti ya 2009, kila mzazi mwenye mtoto mrefu anamleta kikapu, na kila mwenye mfupi anampeleka mpira wa miguu. Hasheem ana futi 7 na inchi 3 na namheshimu, njia aliifungua. Ila juzi nilikuwa uwanjani jioni, nikaona kocha wa vijana anawapanga mstari kwa kimo kabla hata hajawapa mpira wadunde. Kabinti kamoja ka mwisho mstarini kalikuwa kanadunda mikono yote miwili bila kuangalia chini, na kocha hakukatazama hata kidogo. Nikakafuata nikakauliza kanacheza nafasi gani. Kakaniambia: popote wanaponiweka, mjomba. Nimekatafutia saa moja na mie kila Jumamosi, mama yake amekubali. Ukija Desemba utasimama kama senta ili kajifunze kupita chini ya mkono wa mtu mrefu, kwa hiyo utibu huo mguu.

Nakutumia kipande cha mchezo wa Hornets na Knicks kwenye simu. Kiangalie mara mbili kabla hujanijibu, mara ya kwanza utakuwa unacheka tu.

Msalimie shemeji, na mama mwambie nimeipata ile mbegu ya mchicha.

Wako katika ubishi,
Idrisa