Kwa vijana wa bodaboda, Uyole hadi Mbalizi: kuhusu vidonge mnavyotembea navyo mfukoni

Wanangu,

Shikamoo zenu za kila siku nazipokea kwa moyo mmoja, marahaba. Leo nawaandikia wote kwa pamoja, wa Uyole, Mafiati, Kabwe, Mwanjelwa mpaka Mbalizi, maana mmoja mmoja hamshikiki. Tangu nistaafu uuguzi nakaa kwenye dirisha la duka la dawa, na ninyi ndio wateja wangu wakubwa. Kijana anaegesha injini ikiwaka, kofia kichwani, anasema, "Mama, nipe za tumbo." Nikiuliza tumbo gani, linauma wapi, limeanza lini, anaona namchelewesha abiria. "Zilezile tu, mama."

Zilezile zipi? Kuna dawa ya kupoza asidi iliyokwisha kumwagika tumboni na kuna ya kuzuia asidi isitengenezwe. Kuna ya kuua bakteria na ya kuua amiba, ya kulainisha choo na ya kukifunga. Zote mnaziita za tumbo, na mnazigawana kijiweni kama njugu.

Naanza na kidonge ambacho hakuna anayekiita cha tumbo: diklofenaki. Najua kwa nini mnakipenda. Kiuno kinauma kwa kukaa kwenye siti kutwa nzima, na baridi ya Juni na Julai pale Uyole alfajiri haijui koti. Kijana anameza kimoja asubuhi na chai ya rangi bila kitafunwa, jioni anarudia na kinywaji cha kuongeza nguvu. Wiki zinapita, chembe ya moyo inaanza kuwaka, usiku anaamka ameshika tumbo. Anakuja kwangu kununua vidonge vyeupe vya kutafuna, na papo hapo ananiomba na diklofenaki nyingine.

Sikilizeni kinachotokea. Ndani ya tumbo mna asidi kali, na kinachouzuia ukuta wa tumbo usiliwe nayo ni tabaka la ute. Mwili hulitunza tabaka hilo kwa kemikali ziitwazo prostaglandini. Sasa, kemikali za ukoo huohuo ndizo zinazoleta maumivu na uvimbe kiunoni. Diklofenaki inazipunguza, na haina macho ya kuchagua za kiunoni ikaziacha za tumboni. Kiuno kinatulia, tumbo linabaki wazi mbele ya asidi yake lenyewe. Ibuprofeni iko hivyohivyo, na aspirini pia.

Hapo mjanja mmoja husema, "Basi nichome sindano, isipite tumboni." Mwanangu, dawa ya sindano inaingia kwenye damu, na damu inafika kwenye ukuta uleule wa tumbo. Kula kwanza kunapunguza muwasho, lakini hatari yenyewe inabaki. Na kumeza diklofenaki pamoja na ibuprofeni ili "zisaidiane" ni kujiongezea madhara tu, maana ni dawa za kundi moja.

Kwa maumivu ya kawaida anzeni na parasetamoli, ambayo ni mpole kwa tumbo. Ila nayo ina mpaka wake: kwa mtu mzima, vidonge 2 vya miligramu 500 kwa mara moja, kisha usubiri saa 6, na visizidi 8 kwa siku nzima. Kabla ya kumeza soma pakiti ya dawa yako ya mafua, kwa sababu nyingi zina parasetamoli ndani, na ikizidi inaumiza ini. Anayekunywa pombe kila siku aniulize kwanza, asione haya. Na kiuno kinachodai kidonge kila siku ya Mungu kinahitaji kupimwa.

Sasa vile vyeupe vya kutafuna, magnesia. Kazi yake ni kupunguza makali ya asidi iliyopo kwa wakati huo, basi. Ndiyo maana unapata nafuu ndani ya dakika chache, na ndiyo maana baada ya saa chache moto unarudi. Kitafune kikasagike kabisa, baada ya kula au kabla ya kulala. Magnesiamu peke yake inalegeza choo na alumini peke yake inakikausha, kwa hiyo watengenezaji wengi wamezichanganya. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba magnesia inashikamana na dawa nyingine tumboni na kuzizuia zisiingie mwilini. Ukipewa antibiotiki kama doksisaiklini au siprofloksasini, au vidonge vya kuongeza damu, ukavimeza pamoja na magnesia, sehemu kubwa ya dozi inaishia chooni. Acha zipishane angalau saa 2, na zikipishana zaidi ni vizuri zaidi.

Wanaokoroga magadi au baking soda kwenye glasi: inapoza, kweli, lakini inajaza tumbo gesi na kukumiminia chumvi ambayo mwenye presha haihitaji. Maziwa nayo yanatuliza kidogo, halafu yanalichochea tumbo litoe asidi zaidi.

Omeprazoli, ile ya kuzuia asidi isitengenezwe, ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote, na hapa lawama zinatuhusu sisi wa dirishani pia. Mnapewa kibahasha kimeandikwa "1x1" au "1x2", kwisha. Hakuna neno juu ya chakula. Kijana anakitia kwenye mfuko wa koti, anakumbuka saa nane mchana akiwa ameshamaliza chipsi mayai na chembe ya moyo inawaka. Anameza, anasubiri, hakuna kitu. Anameza cha pili. Jioni anarudi kuniambia dawa ni feki.

Dawa si feki. Omeprazoli haigusi asidi iliyokwisha kutoka. Inakwenda kuzima pampu ndogondogo zilizo kwenye ukuta wa tumbo, zile zinazoisukuma asidi nje. Na inazikamata pampu zilizowashwa, na kinachoziwasha ni chakula. Kwa hiyo meza nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai ya asubuhi, ili ukianza kula dawa iwe imeshafika. Safari yake ni ndefu: inashuka hadi utumbo mwembamba, inaingia kwenye damu, ndipo damu inaipeleka tumboni. Asidi ingeiharibu njiani, ndiyo sababu zile punje ndani ya kapsuli zimepakwa ganda. Ukizitafuna au kuzisaga umelivua ganda hilo na dawa imekufa kabla ya kazi. Na usitegemee nafuu kamili siku ya kwanza. Huchukua siku 3 au 4.

Mara nyingi hutumika wiki 4 hadi 8, kulingana na ugonjwa. Lakini wapo kati yenu walioimeza mwaka wa pili sasa bila kuonana na daktari. Wakijaribu kuacha ghafla, tumbo linatoa asidi kwa pupa kwa muda, wanadhani ugonjwa umerudi, wanaanza tena. Mtu wa namna hiyo aongee na daktari amsaidie kushuka taratibu, kwa sababu kuitumia miaka mingi kunaweza kupunguza vitamini B12 na magnesiamu mwilini na kuidhoofisha mifupa. Wapo wanaoihitaji muda mrefu kwa sababu maalumu, kwa mfano mzee aliyewahi kutokwa na damu tumboni na bado analazimika kutumia aspirini ya moyo. Huyo asiache kwa sababu ya barua yangu.

Mwenye vidonge vya zamani vya ranitidini, dawa nyingine ya kupunguza asidi, kwenye droo asivitumie. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waiondoe sokoni, baada ya kuonekana kwamba inaweza kuwa na kemikali inayohofiwa kuleta saratani, na kwamba kemikali hiyo huongezeka dawa ikikaa.

Nije kwenye vidonda vya tumbo vyenyewe. Zamani tuliambiwa vinaletwa na mawazo na pilipili. Kisha madaktari wawili wa Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren, wakaonyesha kwamba chanzo kikubwa ni bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Watu hawakuwaamini, maana nani angeishi kwenye asidi ile? Mwaka 1984 Marshall akawakoroga bakteria hao akawanywa, tumbo lake likawaka moto baada ya siku chache. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. (Msijaribu kijiweni.) Pilipili inaweza kumchochea mwenye kiungulia, lakini ukiiacha pilipili ukabaki na bakteria, au ukabaki na diklofenaki, kidonda kiko palepale.

Bakteria huyo hatibiwi kwa kubahatisha. Anapimwa, na kipimo kizuri kinachopatikana ni cha choo. Kile cha damu kinaweza kuonyesha kwamba uliwahi kuwa naye, hata kama ameshatoka. Na kabla ya kipimo cha choo unatakiwa uwe umeacha omeprazoli wiki 2 na antibiotiki wiki 4, la sivyo majibu yanaweza kusema huna wakati unaye. Mtu anayetapika damu asiache dawa ili asubiri kipimo, huyo ni wa hospitali leo. Ukikutwa naye, utaandikiwa antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya asidi, na dozi ya kawaida ni siku 14. Ni vidonge vingi, mdomo unakuwa mchungu, na siku ya tano maumivu yameshapotea. Hapo ndipo wengi wenu mnaacha na kumpa mwenzako kilichobaki. Bakteria waliobaki wanajifunza kuishi na dawa, na safari ijayo hazitafua dafu kwao.

Kwenye dozi hiyo mara nyingi mna flajili, nanyi flajili mnaimeza kwa kila mharo. Inaua vijidudu vya amiba na jiardia, na bakteria wa aina fulani. Virusi haiwagusi, na mharo wa majimaji mara nyingi ni wa virusi au wa sumu ya chakula, unaopita wenyewe. Ukiandikiwa flajili, pombe iache mpaka saa 48 zipite baada ya kidonge cha mwisho. Nasema pombe zote. Mtu aliniambia ulanzi hauhusiki kwa kuwa unatoka kwenye mwanzi. Unahusika.

Loperamaidi, ile ya abiria wa mabasi ya mbali, inapunguza mwendo wa utumbo tu. Mharo ukiwa na damu au homa, kuimeza ni kufunga mlango mwizi akiwa bado ndani. Watoto wadogo wasipewe kabisa.

Kuna dalili ambazo hazihitaji dirisha langu. Wakati wa mvua zilizopita kijana wa kijiwe kimoja hapa mjini alitapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Alikuwa anameza diklofenaki kila siku tangu aanguke, na hakumwambia mtu. Ninachowasifu ni wenzake: hawakumpa maziwa wala magnesia, walimkimbiza hospitali usiku uleule, akaongezewa damu, yuko barabarani mpaka leo. Kutapika damu, choo cheusi chenye kunata kama lami wakati humezi vidonge vya madini ya chuma, tumbo kukakamaa ghafla kama ubao, kukonda bila sababu: nenda hospitali, na usiendeshe mwenyewe. Chakula kukwama kooni au kifuani wakati wa kumeza nako kusipuuzwe. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ipo sana huku kwetu Afrika Mashariki, na omeprazoli inaweza kupunguza kiungulia chake huku yenyewe ikiendelea. Na "kiungulia" kinachokuja na jasho jembamba, kubanwa kifua na maumivu yanayopanda taya au mkono wa kushoto kinaweza kuwa moyo.

Sina ugomvi na mitishamba, lakini yule anayewauzia stendi unga wa kopo lisilo na maandishi hawezi kukuambia mna nini ndani, na mimi siwezi kukuambia utafanya nini ukikutana na dawa zako. Mkimeza, basi mniambie mnapokuja.

La mwisho ni kwa mlio na watoto, ambao mnanipigia honi usiku mkitaka flajili ya maji. Mtoto akiharisha anachokosa kwanza ni maji na chumvi. Koroga pakiti moja ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari, kwenye lita 1 kamili ya maji safi na salama, si kwenye kikombe cha chai, maana ikizidi chumvi inamdhuru. Sukari iliyomo haikuwekwa kwa utamu. Ndiyo inayoisaidia chumvi kupenya kwenye utumbo, na maji yanaifuata. Mpe kidogokidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 uendelee polepole. Titi asiachishwe. Kilichobaki baada ya saa 24 mwaga. Pamoja nayo mpe zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20, au 10 kama hajafikisha miezi 6, hata kama choo kimekaza siku ya pili. Akilegea, macho yakizama, akishindwa kunywa au choo kikiwa na damu, mpakie mama yake na mwanawe kabla ya abiria yeyote, uwapeleke kituo cha afya.

Mama yenu, muuguzi mstaafu,
Uyole, Mbeya