Mwanakwaya anapokwenda kwenye usaili wa igizo la nyimbo

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako tuseme na waimbaji wa Arusha na Moshi, hasa wanakwaya, wanaojitokeza kwenye usaili wa maigizo ya nyimbo ya vikundi vya mtaani. Sauti wanazo. Kinachowaangusha ni mazoea ya kwayani, wanayokuja nayo mahali ambapo mtu husimama peke yake.

Tuanze na wimbo. Aliyezoea sauti ya pili, ya tatu au ya nne huja na sehemu yake hiyohiyo. Alto (sauti ya pili) bila soprano (ya kwanza) huzungukia noti mbili tatu, na besi (ya nne) huruka do, fa, so, do; msikilizaji hatambui hata ni wimbo gani. Njoo na sauti ya kwanza, ishushe ikufae.

Hapo kwenye kushusha ndipo kazi ilipo. Karatasi ya solfa (noti za do, re, mi) huandikwa juu kabisa "Do ni G" au vyovyote iwavyo, yaani noti ya kinanda inayobeba do, lakini mtu akinakili kwenye daftari, mstari huo ndio husahaulika kwanza. Mpiga kinanda anabaki na d, m, s asizojua azianzie wapi, na mwimbaji anakisia. Woga nao hupandisha sauti. Ukianza noti mbili juu kuliko ulivyozoea nyumbani, kilele cha kiitikio kinakatika, na majaji watakumbuka hapo tu. Pakua programu ya kinanda kwenye simu, jaribu kiitikio kabla ya ubeti, shusha do mpaka noti ya juu kabisa ibaki hatua moja chini ya ukomo wako, kisha andika do hiyo kwa herufi kubwa.

Muda wenyewe ni mfupi. Katika usaili wa maigizo ya New York ni kawaida kuombwa baa 16 (vipimo vya muziki, si baa za vinywaji za Kijenge). Kila baa ikiwa na mapigo manne, hayo ni mapigo 64. Kwa mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, umemaliza ndani ya sekunde 40. Kwa hiyo usianzie ubeti wa kwanza. Anzia wimbo unapopanda, tia alama ya kuanza na ya kumaliza kwa kalamu nyekundu. Mpiga kinanda mwimbie mstari mmoja kwa sauti ya chini apate mwendo. Kumpigia vidole ni utovu wa adabu, na ndiye mtu pekee ukumbini anayeweza kukuokoa. Wa biti ya simu (muziki uliorekodiwa), ikate mapema, hakikisha haina sauti ya mwimbaji mwingine, na uiweke simu kwenye hali ya ndege. La sivyo, mama akipiga katikati ya wimbo, spika ndiyo itakayoita.

Kwayani macho huwa kwa mwalimu. Hapa jaji anaandika, ukimkodolea utakuwa unaiimbia kalamu. Chagua doa ukutani juu ya vichwa vyao na uamue unamwambia nani maneno hayo: mdeni, mchumba, ndugu aliyekudhulumu. Ukisahau maneno, endelea kwa "la la" mpaka uyakute. Usisimame kuomba radhi.

Asubuhi za Juni na Julai hapa Arusha zina baridi, na sauti iliyoshuka sasa hivi kwenye daladala bado imelala. Tetemesha midomo kama bodaboda inayonguruma, ukipanda na kushuka taratibu, dakika tano kabla ya kuitwa. Kwenye kucheza, vaa raba, acha ndala. Mikono ikikupotea, zingatia miguu na hesabu ya moja hadi nane.

Fomu ya usaili ndiyo inayoleta ugomvi baadaye. Andika kila siku ya mazoezi ya kwaya, zamu ya kazi na mtihani. Na kama huwezi kukubali nafasi ya kundi la nyuma, usiandike "yoyote". Kundi hilo huweza kuimba nyimbo nyingi, na pengo lake halizibiki wiki ya mwisho.

Nanyi waandaaji, "njoo na wimbo mmoja" si tangazo. Semeni sekunde ngapi, kama kuna kinanda au spika tu, na mazoezi yataisha saa ngapi. Wa Usa River, nje ya mji, akijua ni saa 2 usiku, atapanga usafiri wa kurudi kabla hajachukua fomu.

Wapenzi wa jukwaa,
Kaloleni, Arusha