Wakutubi tufundishwe mitandao, na tufundishwe ndani ya saa za kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nilizungumzie jambo linalotusumbua sisi tunaokaa kaunta za maktaba. Nina miaka 19 katika kazi hii na ninaipenda, ndiyo maana naandika.

Mwaka juzi maktaba ninayofanyia kazi ilimpokea kijana wa fildi, mchangamfu, mwepesi wa simu. Haikupita wiki akawa ametufungulia ukurasa wa Facebook na kundi la WhatsApp la wasomaji. Alikuwa akipiga picha vitabu vipya vikiwa bado mezani, anaandika maneno mawili matatu, anaposti. Kesho yake watu wanakuja na picha kwenye simu, wananionyesha: "Dada, nataka hiki." Katika miaka yangu yote sikuwa nimeona vitabu vikigombewa namna ile. Hata wazee waliokuwa wakija kusoma gazeti tu walianza kuuliza kuna nini kipya.

Miezi miwili ikaisha, kijana akarudi chuoni. Ukurasa alikuwa ameufungua kwa namba yake na barua pepe yake, kwa sababu maktaba haikuwa na vya kwake. Akapoteza simu, akabadilisha laini, nenosiri nalo likapotea. Hadi leo ukurasa upo hewani na jina letu na picha ya jengo letu. Watu wanauliza kama Jumamosi tunafungua, wanauliza ada ya mtoto ni kiasi gani, na hakuna kati yetu anayeweza kuwajibu. Anayepita pale atadhani tuna kiburi.

Kundi la WhatsApp ndilo lililoniumiza zaidi. Tuliwaunga wasomaji wote pamoja, wakiwemo wasichana wa kidato cha tatu na cha nne waliotumia simu za nyumbani. Hatukufikiria kwamba ndani ya kundi kila mtu anaiona namba ya mwenzake. Baada ya wiki chache mama mmoja akaja kaunta, akaniwekea simu mbele yangu bila kusema neno. Mwanamume asiyejulikana alikuwa amemwandikia binti yake saa tano usiku, akimsifia uzuri, akisema namba ameipata kwenye kundi la maktaba. Mama hakupiga kelele. Aliniuliza taratibu, "Dada, namba ya mwanangu mliiweka wapi?" Nilishindwa kumwangalia usoni. Kundi tulilifunga siku hiyo hiyo, na tangu hapo mitandao ikitajwa kwenye kikao kila mtu anainamisha kichwa.

Kumbe njia salama ilikuwepo. WhatsApp ina orodha ya matangazo: ujumbe mmoja unawafikia watu hadi 256, kila mmoja anaupata kama umeandikwa kwake, na hakuna anayeona namba ya mwingine. Kinachotakiwa ni msomaji awe ameihifadhi namba ya maktaba kwenye simu yake. Tangu 2023 kuna chaneli pia, ambazo wafuasi wake hawaonani namba. Mambo haya yanafundishika asubuhi moja, kwa simu mkononi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inatuhusu moja kwa moja, kwa kuwa daftari letu la wanachama limejaa majina, anwani na namba za simu za watu walioziacha kwa kutuamini.

Nikieleza haya kwa wakubwa, jibu ninalolipata ni kwamba mitandao kila mtu anaijua, tukajifunze wenyewe nyumbani. Mhariri, kuwatumia ndugu picha za harusi ni jambo moja, kuisemea maktaba mbele ya umma ni jambo lingine kabisa. Mimi nilipoajiriwa nilifundishwa kupanga vitabu kwa namba za Dewey, zile zinazowekwa kwenye kitabu kulingana na mada yake, nikafundishwa kuandika kadi za katalogi, na mwenye uzoefu alikaa pembeni yangu wiki nzima akinisahihisha. Hakuna aliyeniambia nikajifunze Dewey nyumbani usiku kwa mshahara wangu. Leo mkutubi anajinunulia bando, na akishika simu kaunta kumjibu msomaji, bosi akipita anaona mtu anayechati.

Wenzetu waliliona hili mapema. Mwaka 2006, katika maktaba ya umma ya Charlotte na Mecklenburg, jimbo la North Carolina, Marekani, Helene Blowers aliwaandalia wafanyakazi wenzake mambo 23 ya kujaribu kwenye intaneti. Kila mmoja alifungua blogu yake, akaandika humo alichojaribu na kilichomshinda. Waliweka picha Flickr, wakaorodhesha vitabu LibraryThing, wakatafuta video YouTube, yote kwa wiki chache tu. Mpango ulikuwa wa wafanyakazi wote, si wa wataalamu wa kompyuta peke yao. Aliyemaliza alipewa kifaa cha kusikilizia muziki cha MP3, zawadi iliyokuwa na maana wakati ule. Halafu waliruhusu mpango wao unakiliwe bure, na maktaba za nchi nyingi, Australia mojawapo, zikauchukua na kuugeuza kwa mahitaji yao. Baadhi ya vifaa walivyojaribu vimeshakufa. Kilichonivutia mimi ni ile ruhusa: mtu mzima anaruhusiwa kujaribu, kukosea na kuuliza, mbele ya wenzake, bila kuchekwa.

Sisi tungekuwa na mambo yetu, wala si lazima yafike 23. Kufungua ukurasa kwa barua pepe ya ofisi, na wasimamizi wawili au watatu ili mmoja akiondoka funguo zibaki. Kumjibu anayetukana. Kuomba idhini kabla ya kumpiga picha mtoto anayesoma. Ningeongeza Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003 na ambayo wanafunzi wetu wanainakili kila siku. Tangu 2016 ipo kampeni iitwayo 1Lib1Ref, inayomwomba kila mkutubi aongeze walau chanzo kimoja kwenye makala. Mwaka huu niliijaribu. Nilikuta makala ya mji wetu ina sentensi isiyo na chanzo, nikakumbuka kitabu kilichoko rafu ya nyuma kabisa, ambacho hakijaazimwa miaka mingi. Nilikipangusa vumbi, nikatafuta ukurasa, nikaandika. Ilinichukua dakika 40, karibu zote nikihangaika na vitufe. Nilipoona namba ndogo ya marejeo imetokea mwishoni mwa ile sentensi, nilimwita mlinzi aje aone.

Chuo cha ukutubi tunacho, Bagamoyo, na kozi fupi kwa sisi tulio kazini zingefaa sana. Lakini hatuwezi kukaa tukisubiri safari na posho. Kwa hiyo nawaomba wenye maktaba, ziwe za serikali, za shule au za taasisi za dini, watupe vitu vitatu: laini moja iliyosajiliwa kwa jina la maktaba, bando la mwezi linalolipwa na ofisi, na saa mbili za Ijumaa asubuhi, kabla wanafunzi hawajatoka shule, tufundishane sisi kwa sisi. Hapa kwetu tumeshapatana nani aanze kufundisha nini. Yule mama nimemwahidi kwamba ya kwanza kabisa itakuwa orodha ya matangazo, na amesema siku tutakapokuwa tayari, namba atairudisha.

Mkutubi Msaidizi,
Mwanza