Barua ya wazi kwa Waziri wa Madini: tupeni saa na mahali halisi pa milipuko ya migodini

Mheshimiwa Waziri,

Sisi ni wachambuzi wa mitetemo ya ardhi. Tunaomba uagize migodi mikubwa ya wazi iandike saa na mahali halisi pa kila mlipuko mkubwa, kisha kumbukumbu hizo zifike kila mwezi GST Dodoma, taasisi ya serikali ya jiolojia. Zitatusaidia kupata kwa usahihi mahali mitetemo mingine inapotokea, ikiwemo inayoshukiwa kuwa majaribio ya nyuklia.

Mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia, ambao Tanzania imeuridhia, unaruhusu ukaguzi katika eneo lisilozidi kilomita za mraba 1,000. Kitovu, yaani mahali mtetemo unaoshukiwa ulipotokea, kikikosewa kwa kilomita 20, wakaguzi wanaweza kupekua eneo lote wasikute kitu. Agosti 16, 1997 mtetemo mdogo ulidhaniwa kuwa jaribio la nyuklia la Urusi kwenye visiwa vya Novaya Zemlya, kumbe ulitokea chini ya Bahari ya Kara, kama kilomita 130 kutoka uwanja wa majaribio.

Kosa la kitovu huanzia kwenye kasi ya mawimbi ya mtetemo. Modeli ya wastani ya dunia huchukulia kuwa wimbi la P (lile linalofika kwanza kituoni) linalopita chini ya ukoko, yaani tabaka la juu la dunia, huenda kilomita 8.04 kwa sekunde. Chini ya Bonde la Ufa la Kenya mwamba una joto, na kasi iliyopimwa ni karibu 7.6. Kila kilomita 100 za njia hiyo huchelewesha wimbi kwa sekunde 0.7, na kompyuta hudhani chanzo kiko mbali zaidi kwa kilomita 5 au 6. Vituo vya kupima mitetemo vikiongezwa upande uleule, kosa linabaki palepale.

Kutoka mgodi wa dhahabu wa Geita hadi kituo cha kupima mitetemo cha Kilimambogo, Kenya, ni takriban kilomita 600. Mlipuko ambao mahali na saa yake vinajulikana hutupa sahihisho la njia hiyo, na hakuna hesabu ya mezani inayolifikia.

Kinasa chenye saa ya GPS kiwekwe ndani ya mita 200 kutoka shimo la kwanza la baruti. Kinachotakiwa ni saa ya shimo la kwanza kulipuka, si saa ya amri ya kufyatua. Kwa kuwa mashimo hulipuka kwa kupishana milisekunde, muda wote wa mlipuko uandikwe pia, pamoja na kilo za baruti. Ramani nyingi nchini bado zinatumia Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuratibu mahali, ambao hutofautiana na WGS84, mfumo wa GPS, kwa karibu mita 300, hivyo mfumo utajwe. Saa iwe ya UTC, yaani saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu: saa 8 mchana ni 11:00, na anayeandika 08:00 au 14:00 anaharibu rekodi nzima.

Kiwango cha dhahabu kwenye mwamba hatukihitaji, kwa hiyo hakuna siri ya biashara itakayofichuka. Agizo lianze na milipuko mikubwa kabisa, maana midogo haifiki Kilimambogo ikasomeka.