Printa za nyumbani zipewe anwani ya kudumu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie tatizo ambalo sisi mafundi wa kompyuta tunaitwa kulitazama mara kwa mara, nalo ni la printa za nyumbani ambazo jana zilichapa vizuri kutoka kila kompyuta na kila simu ndani ya nyumba, na leo zimekaa kimya ilhali taa zake zinawaka, wino umo na karatasi zipo. Wenye nyumba wengi huamini kwamba printa imekufa. Wapo wanaoibeba kuirudisha dukani, wapo wanaoamua kununua nyingine, na wapo wanaorudia utaratibu wa zamani wa kuweka faili kwenye flashi na kwenda steshenari kulipia kila ukurasa. Kwa niliyoyaona katika kazi hii, printa hizo mara nyingi ni nzima kabisa. Kilichoharibika ni njia iliyopo kati ya kompyuta na printa, na njia hiyo hutengenezwa pale pale sebuleni bila kufungua skrubu hata moja.

Katika mtandao wa nyumbani usio na waya, kila kifaa kinachojiunga hupewa na ruta, yaani kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, anwani yake ya namba, kwa mfano 192.168.1.23, na kompyuta huitumia namba hiyo kuifikia printa. Anwani hiyo ni ya kuazimwa. Umeme ukikatika na kurudi, jambo ambalo halihitaji maelezo kwa wasomaji wako, ruta na vifaa vyote huwaka upya kwa wakati mmoja, na kwa kuwa ruta nyingi za nyumbani zikizimika husahau nani alikuwa na namba ipi, simu ya mtoto inaweza kuamka na 23 na printa ikapewa 27. Kompyuta haina habari. Huendelea kutuma kazi kwenye namba ile ile, kama jirani anayempelekea barua mtu aliyekwisha kuhama bila kuaga, kisha humwambia mwenye nyumba kwamba printa haipo mtandaoni. Mwenye nyumba naye huizima printa na kuiwasha tena, na pengine kwa bahati ikapewa namba yake ya zamani na kuchapa. Ndipo hujengeka imani kwamba printa za siku hizi zina tabia ya kununa.

Kabla ya kumwita fundi yeyote, kuna kipimo kimoja ambacho kila mtu anaweza kukifanya. Karibu kila printa ya mtandao ina uwezo wa kuchapa karatasi ya taarifa zake, ama kwa kubonyeza kitufe cha mtandao kwa sekunde kadhaa, ama kwa kuingia kwenye mipangilio yake, na kwenye karatasi hiyo huwa imeandikwa anwani iliyonayo wakati huo. Ichukue anwani hiyo uiandike kwenye kivinjari cha kompyuta, mahali unapoandika jina la tovuti. Ukifunguka ukurasa wa printa yenyewe, wenye jina lake na kiwango cha wino wake, ujue kwamba mtandao hauna kosa na tatizo limo ndani ya kompyuta. Usipofunguka, iache kompyuta, kashughulike na ruta. Na ikiwa anwani iliyochapwa inaanza na 169.254, maana yake ni kwamba printa haikupata anwani yoyote kutoka kwenye ruta na imejipachikia ya kwake, kwa hiyo hakuna haja ya kuendelea kuhangaika na kompyuta mpaka printa iunganishwe upya. Inanisikitisha kuona watu wakifuta na kusakinisha programu za printa usiku kucha wakati kipimo hiki kingewaambia mapema waelekee wapi.

Dawa ya anwani inayohamahama ni kuifanya isihame. Ndani ya mipangilio ya ruta nyingi kuna sehemu ya kutengea kifaa anwani: unaitaja namba ya utambulisho ambayo printa ilipewa kiwandani, ile yenye tarakimu na herufi 12 ambayo nayo imo kwenye karatasi ya taarifa, kisha unaichagulia printa anwani moja, na kuanzia hapo ruta haitampa mwingine anwani hiyo hata umeme ukatike mara ngapi. Baada ya hapo, kwenye kompyuta, printa iongezwe kwa kutaja anwani hiyo badala ya kuiacha Windows iitafute yenyewe. Nasema hivi kwa sababu Windows ikiachwa ijitafutie, mara nyingi huunda mlango, yaani njia ya kupitishia kazi za kuchapa, ambao jina lake huanza na herufi WSD, na milango ya namna hiyo ina sifa ya kupotea na kurejea bila sababu inayoonekana.

Hapa ndipo ninapotaka kuzisemesha kampuni zinazotuunganishia intaneti majumbani, bila kuitaja hata moja. Fundi wao hufika, hufunga ruta ukutani, hupima kasi ya intaneti kwa simu yake, hupewa sahihi na kuondoka. Haulizi kama nyumba ina printa. Kuitengea printa anwani ni kazi ya dakika chache kwa mtu ambaye tayari amefungua mipangilio ya ruta na anayo nywila yake, ilhali kwa mwenye nyumba asiyejua hata ukurasa wa ruta unafunguliwaje ni kazi ya kumtafuta mtu na kumlipa. Tena anapokuja kubadilisha ruta ya zamani kwa mpya, angeweza kuipa mpya jina la mtandao na nywila zile zile za zamani, na printa, televisheni na simu zote zingejiunga zenyewe bila mtu kuzigusa; badala yake huacha jina la kiwandani, na siku ya pili familia nzima inaanza upya. Kuna jambo jingine katika ruta mpya: nyingine huja na aina mpya ya kinga ya mtandao usio na waya, iitwayo WPA3, pekee, ambayo printa nyingi za miaka iliyopita haziielewi, hivyo inabidi ruta iruhusiwe kupokea na ile ya zamani, WPA2.

Sababu nyingine kubwa ni vifaa kuwa katika mitandao miwili bila wenyewe kujua. Nimesikia mara nyingi ikidaiwa kwamba kosa ni mawimbi, kwamba printa iko kwenye gigahezi 2.4 na simu iko kwenye gigahezi 5, ndiyo maana hazionani. Ni kweli kwamba printa nyingi za nyumbani hupokea 2.4 peke yake, na kwa hiyo zinaweza kusumbua siku ya kuziunganisha kwa mara ya kwanza kama simu inayotumika iko kwenye 5. Lakini zikishaunganishwa, katika ruta ya kawaida mawimbi hayo mawili huingia kwenye mtandao mmoja, na kifaa cha upande huu huchapa kwenye kifaa cha upande ule bila shida. Kinachozuia ni mtandao wa wageni, ambao umetengenezwa makusudi ili mgeni apate intaneti tu asivifikie vifaa vya wenyeji. Mtoto aliyepewa nywila ya wageni hatachapa hata akipakua programu gani.

Hali ngumu zaidi ni ya nyumba yenye ruta mbili, ya kwanza ikiwa imeletwa na kampuni ya intaneti na ya pili ikiwa imenunuliwa na mwenye nyumba kwa sababu vyumba vya nyuma havikuwa vikipata mawimbi. Kila moja inagawa anwani zake. Printa ikiunganishwa na ile ya sebuleni na kompyuta zikiunganishwa na ile ya vyumbani, simu na kompyuta hazitaiona printa katika orodha kwa sababu tangazo ambalo printa hulitoa ili itambulike haliruki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Na printa ikiwa upande wa vyumbani, walio sebuleni hawataifikia kabisa. Ruta ya pili iwekwe katika hali ya kusambaza mawimbi tu na iache kugawa anwani, ili nyumba nzima iwe na mtandao mmoja.

Niongeze neno kuhusu bando, kwa kuwa nyumba nyingi zinatumia ruta ndogo za laini ya simu. Kuchapa kutoka kompyuta ya chumbani kwenda printa ya sebuleni hakutumii intaneti, na bando likiisha printa ya kawaida inapaswa kuendelea kufanya kazi mradi ruta inawaka. Isipokuwa simu nyingi za Android zikigundua kwamba mtandao wa nyumbani hauna intaneti huhamia zenyewe kwenye data ya laini, na hapo printa hutoweka. Simu ikiuliza kama ibaki, ijibiwe ibaki. Wanaotegemea hotspoti ya simu ya baba wao hawana budi kukubali kwamba baba akitoka na mtandao umetoka. Kwa familia hiyo ningeshauri watafute ruta ya zamani iliyolala kabatini, waiwashe hata bila laini, na waitumie kama njia ya printa tu.

Sasa niseme kuhusu desturi ambayo sikubaliani nayo, ya kuunganisha printa kwa waya wa USB kwenye kompyuta moja na kuwagawia wengine kupitia kompyuta hiyo. Kwa printa isiyo na uwezo wa mtandao hakuna njia nyingine rahisi, labda ruta iwe na tundu la USB linaloitambua printa hiyo. Lakini nimekuta printa zenye uwezo kamili wa mtandao zimefungwa kwa waya, kwa sababu fundi aliyeziweka alizoea hivyo tangu zamani. Kompyuta mwenyeji ikilala, hakuna anayechapa. Ikibebwa kwenda kazini, vivyo hivyo. Windows yake ikiuhesabu mtandao wa nyumbani kuwa mtandao wa umma badala ya binafsi, huwafungia wote mlango. Na ule utaratibu rahisi wa kugawana printa kwa vikundi vya nyumbani (HomeGroup) ambao watu waliuzoea tangu Windows 7, Microsoft iliuondoa katika Windows 10 mwaka 2018, ingawa bado naona wanafunzi wakifundishwa kuutafuta.

Zaidi ya hayo, kugawana kwa njia hiyo kumekuwa kugumu kwa sababu nzito ya usalama. Mwaka 2021 iligundulika kasoro katika sehemu ya Windows inayosimamia foleni ya kuchapa, kasoro iliyojulikana kwa jina la PrintNightmare, ambayo ilimwezesha mhalifu kuendesha programu zake ndani ya kompyuta ya mtu kwa mamlaka ya juu kabisa. Ilikuwa nzito kiasi kwamba Microsoft ilitoa marekebisho ya dharura mwezi Julai, hata kwa Windows 7 iliyokuwa imekwisha kuachwa. Agosti mwaka huo kusakinisha programu ya printa kukaanza kuhitaji idhini ya msimamizi wa kompyuta, na marekebisho ya Septemba, yaliyobana pia namna kompyuta zinavyothibitishana wakati wa kuchapa, yaliwaachia watu wengi ujumbe wa kosa wenye namba 0x0000011b kila walipojaribu kuunganisha printa iliyo kwenye kompyuta nyingine. Baadhi ya wenzangu walijibu kwa kuondoa marekebisho hayo, au kuzima kinga ile kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake ya ndani, au kuzima faiwoli, ukuta unaozuia wavamizi wa mtandaoni, moja kwa moja, wakachapa karatasi ya majaribio, wakapokea malipo na kwenda zao. Kompyuta za namna hiyo bado ziko majumbani, zikitumika kwa miamala ya benki na kazi za ofisi. Naomba wenye nyumba wamuulize fundi amebadilisha nini kabla hajaondoka, na jibu likiwa ni kwamba amezima kinga, wamtake airudishe na aiunganishe printa moja kwa moja na ruta.

Kwa simu sina mengi. Simu na tableti za Apple zina AirPrint, huduma ya kuchapa bila waya, tangu mwaka 2010, na Android tangu toleo la 8 ina huduma ya kuchapa iliyokuja nayo, hivyo printa ya miaka ya karibuni iliyo katika mtandao mmoja na simu huonekana yenyewe. Kazi zikikwama kwenye foleni ya kompyuta na kukataa kufutika, huduma ya foleni isimamishwe na kuanzishwa upya kabla ya kutuma tena, kwa sababu kutuma waraka ule ule mara nyingi huishia kuchapa nakala lukuki siku njia itakapofunguka.

Mwisho, nawaomba wauzaji wa printa wafanye jambo dogo ambalo halitawagharimu zaidi ya stika. Wanapomjaribishia mteja mashine dukani, wachape karatasi ya taarifa zake, waandike namba ya utambulisho kwenye stika na kuibandika nyuma ya printa, na ndani ya boksi waweke maelezo ya Kiswahili ya ukurasa mmoja kuhusu namna ya kuitengea anwani kwenye ruta. Karatasi za maelekezo zinazokuja sasa zina lugha nyingi, na yetu ni nadra kuikuta. Gazeti lako nalo, Ndugu Mhariri, lina ukurasa wa teknolojia ambao wiki nyingi hujaa habari za simu mpya. Mafundi tuko tayari kuuandikia maelezo hayo, pamoja na picha za kurasa za ruta zinazotumika zaidi nchini, ili msomaji ayakate na kuyabandika karibu na printa yake.

Fundi wa kompyuta na mitandao,
Morogoro.